Tatizo si nyumba kubanana
Wanaolaumu mitaa iliyobanana wautazame Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Vichochoro vyake vyembamba hutoa kivuli, baraza za nje huwakutanisha majirani, na duka, msikiti na soko hufikika kwa miguu. Kwa mwenye kipato kidogo, kuepuka nauli ya kila siku ni jambo kubwa mno. Watasema kubanana huleta kipindupindu. Hapana, kipindupindu huenezwa na maji na chakula vilivyochafuliwa kwa kinyesi. Hoja ya moto ina uzito zaidi, maana gari la zimamoto haliingii kichochoroni. Lakini dawa yake ni kusogeza mabomba ya kuzimia moto karibu na nyumba, si kuwatupa watu pembezoni mwa mji. Halmashauri zetu zianze na mifereji na vyoo kabla ya kuleta tingatinga.