Nani Amlishaye Kwale?

Kila mwaka mvua za masika zikaribiapo, mkulima wa Njoro, Rongai au Subukia hutazama mambo mawili: mawingu yaliyo juu ya Mau, na matundu yaliyo shambani mwake. Mawingu ni neema, matundu ni hasara. Mtu hupanda mahindi yake kwa mistari iliyonyoka siku ya Jumatatu, na Alhamisi alfajiri hukuta mstari mzima umefukuliwa, punje baada ya punje, kana kwamba aliyefukua alishika kamba ya kupimia. Mwizi huyo si nyani wala nguruwe. Ni kwale, na pengine kanga pamoja na kundi la vifaranga vyake. Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Wangaliongeza kuwa haba na haba vilevile hukimaliza.

Majuma machache yaliyopita mzee mmoja wa Rongai alinijia kwa jambo hili. Baada ya kuamkiana akasema, “Mwalimu, wewe ni mtu wa magazeti. Niambie, kwale huyu ni wa nani?”

Nikamjibu, “Mzee wangu, ndege wa porini ni wa nchi nzima, na sheria humlinda kwa niaba yetu sote.”

Akacheka kidogo, akasema, “Basi mwanangu, iambie hiyo nchi nzima ije imlishe.”

Tangu siku hiyo neno lake halijaniondoka. Nimepitia habari za uwindaji wa ndege katika Bonde hili la Ufa, nami naona kuwa kila zama zimeuliza swali moja tu: nani ana ruhusa ya kumwua ndege? Swali la mzee, yaani nani amlishaye, halikuulizwa ila mara chache sana.

Zamani ruhusa haikuandikwa katika karatasi; ilikuwa katika desturi. Wavulana waliochunga mifugo walitega kwale kwa vitanzi. Vijana wa Kimasai waliotoka kutahiriwa waliwapiga ndege wadogo kwa mishale butu, wakavaa ngozi zao zenye manyoya kichwani kama taji, ijapokuwa Wamasai hawakuwa watu wa kula nyama ya porini. Waokiek wa msitu wa Mau walijua mitego na mizinga ya nyuki kama karani ajuavyo vitabu vyake. Gharama ya mambo hayo ilikuwa jasho na subira, na aliyelinda shamba ndiye aliyekula ndege.

Kisha ikaja sheria ya maandishi. Mwezi Mei 1900 mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalitia sahihi mkataba mjini London juu ya kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa bara hili. Mkataba huo haukupata kuthibitishwa na wote, walakini sheria za uwindaji za Afrika Mashariki zilifuata njia yake. Ulitaka kulindwa kwa ndege wenye manufaa, kama vile tai mzoga, karani-tamba na bundi. Pia ulitaka kuzuiwa kwa nyavu na mashimo ya kutegea. Msomaji na apime maneno hayo kwa makini. Nyavu na mashimo vilikuwa vyombo vya mtu maskini. Bunduki haikukatazwa, ilitiwa bei.

Na bei yenyewe haikuwa ndogo. Mwaka 1909, alipokuja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, akawinda hata kwenye ziwa Naivasha, leseni ya mgeni ya kuwinda wanyama wakubwa ilikuwa pauni 50, yaani rupia 750. Leseni ya mlowezi ilikuwa pauni 10, yaani rupia 150. Siku zile kibarua wa shambani alipata rupia nne au tano kwa mwezi. Hata kama asingekula wala kuvaa, ingalimpasa kuweka mshahara wake wote kwa zaidi ya miaka kumi na miwili ili apate leseni moja ya mgeni. Kupiga ndege hakukuhitaji fedha nyingi kama hizo, lakini kulihitaji bunduki ya marisau, na Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na bunduki ila kwa nadra. Kazi yake ilikuwa kuingia majanini, kuwafukuza ndege ili waruke, na kuwaokota waliokwisha anguka.

Walowezi hawakubuni desturi hiyo hapa. Waliibeba kutoka kwao. Huko Uskoti na kaskazini mwa Uingereza yuko ndege wa jamii ya kwale, mwekundu, mnene, akaaye katika vichaka vifupi vya milimani. Msimu wa kumpiga hufunguliwa tarehe 12 Agosti na kufungwa tarehe 10 Desemba, na siku ile ya kwanza huadhimishwa kama sikukuu. Watu hupanga mstari, huwafukuza ndege kuelekea waliko wenye bunduki, nao hulipa fedha nyingi kwa siku moja ya mchezo huo.

Lakini hata huko ruhusa ilikuwa na historia ya uchungu. Sheria ya mwaka 1671 ilisema kuwa asiyekuwa na ardhi yenye kumpa mapato ya pauni 100 kwa mwaka hana haki ya kuwinda, hata katika shamba lake mwenyewe. Sheria ya mwaka 1831 iliufungua mlango kwa kila awezaye kununua leseni. Ndipo mwaka 1880 likaja jambo ambalo mzee wa Rongai angalilipenda: Bunge lao lilimpa mkulima apangaye shamba haki ya kuwaua sungura walao mazao yake, wala mwenye ardhi asiweze kumnyang'anya haki hiyo kwa mkataba. Ndege hawakuhusika, lakini angalau siku moja watunga sheria waliuliza ni nani amlishaye mnyama. Na mwaka 2024 Uskoti imetunga sheria ya kuwataka wenye milima ya uwindaji wawe na leseni, kwa sababu ndege wawindao, kama tai, walikuwa wakiuawa ili kwale waongezeke kwa ajili ya bunduki.

Turudi kwetu. Baada ya Uhuru mashamba mengi makubwa ya nyanda za juu yaligawanywa kuwa vipande vya ekari chache. Vichaka vilikatwa, jembe likaingia mahali palipokuwa na majani marefu, na kwale akabaki kandokando ya ua na mito. Ziwa Nakuru, ambalo lilianza kutengwa kuwa hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwezi Mei 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama. Ndege wa kuwindwa hawakuguswa na amri hiyo; kanga, kwale na firigogo waliendelea kupigwa kwa leseni. Mpigaji alilipia leseni, hati ya bunduki na risasi. Mwenye shamba kubwa aliweza kumtoza ada. Mwenye ekari tatu alisikia mlio tu.

Hatimaye ikaja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014. Hiyo imeandika kuwa kuwinda kwa ajili ya mchezo au burudani ni kosa, na kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa pia. Jirani zetu wa Tanzania wameshika njia nyingine: kwao uwindaji bado waruhusiwa kwa leseni, katika vitalu maalumu.

Wako wasemao kuwa tulikosea, na kwamba ada ya bunduki ingalimfanya mwenye ardhi aviache vichaka visimame. Siwadharau. Watafiti waliochunguza hesabu za wanyama wakubwa katika malisho ya Kenya waliona kuwa kati ya mwaka 1977 na 2016 walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Hapana shaka sababu ni nyingi: watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, nyua zimejengwa, ukame umepiga. Hata hivyo fundisho ni wazi: kumzuia mwenye bunduki peke yake hakumlindi mnyama, ikiwa mwenye jembe hana sababu ya kumpenda.

Mimi sitaki mchezo ule urudi. Nauliza tu kwa nini gharama zote zimeachwa mlangoni pa mtu mmoja. Sheria ya mwaka 2013 ina orodha ya wanyama ambao uharibifu wao waweza kulipiwa fidia. Tembo yumo, kiboko yumo, punda milia yumo. Kanga na kwale hawamo. Sitegemei kuwa Serikali italipa kwa kila punje iliyofukuliwa, lakini yafaa maofisa wa wanyamapori na wa kilimo waje pamoja shambani wakati wa kupanda, wayaone matundu kwa macho yao, na wamfundishe mkulima njia halali za kujilinda. Mtu aliyesaidiwa hulinda. Mtu aliyeachwa peke yake hutafuta dawa.

Neno hilo “dawa” ndilo linitialo hofu. Mahali pengine nchini, kama katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, watu wamewaua ndege kwa kuwatilia sumu ya wadudu iitwayo kabofurani katika chambo, kisha wakawauza kuwa kitoweo. Sumu haichagui. Humwua njiwa, humwua tai alaye njiwa, na yaweza kumdhuru mtoto aliyepewa paja la ndege. Tamaa mbele, mauti nyuma. Mkulima awaye yote wa Nakuru asikubali kufundishwa njia hiyo.

Yako mambo yaliyo bora zaidi. Majirani wapande katika siku zilezile, ili ndege wasilikusanyikie shamba moja. Mbegu ifukiwe vema, wala punje zisiachwe juu ya udongo. Shamba lilindwe alfajiri na jioni mpaka miche isimame, maana baada ya hapo punje hailiki tena. Tena tukumbuke kuwa kanga na kwale hula pia wadudu na mbegu za magugu. Deni lao si la upande mmoja.

Na apendaye nyama yao aweza kuwafuga, lakini kwanza aende katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori, KWS, akaombe kibali. Asikimbie tu kwa kusikia habari za utajiri. Wengi wakumbuka miaka ya 2013 na 2014, wakati mayai ya kware yaliposifiwa kuwa tiba ya kila ugonjwa. Watu walikopa fedha wakajenga vibanda, na mara bei ikaanguka wakabaki na ndege wasio na mnunuzi.

Nimempelekea mzee wangu jibu hili. Kwale ni wa nchi nzima, lakini meza yake imeandaliwa katika shamba lako. Karne nzima na zaidi tumetunga sheria juu ya bunduki, na sasa bunduki imenyamaza. Imebaki kutunga moja juu ya meza. Wasomaji wenye mashamba kando ya Mau, Menengai na Bahati, niandikieni mfanyavyo wakati wa kupanda. Barua zenye maarifa nitazitaja katika ukurasa huu, ili mwenye safu iliyosimama amfae mwenye safu iliyofukuliwa.