Mgonjwa Aseme kwa Lugha Gani?

Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo tumeisikia tangu utotoni, na maana yake haina ubishi: mwenye kuumwa na ajitokeze, aseme, atibiwe. Lakini methali hiyo humlaumu mgonjwa peke yake. Haituambii habari za yule ambaye hakuficha lolote. Aliyeamka alfajiri, akapanda matatu, akapanga foleni mpaka adhuhuri, akaeleza kila linalomsumbua, na bado akarudi nyumbani bila ya kueleweka. Huyo naye tumwambie nini?

Tangu 2013, serikali za kaunti zilipokabidhiwa hospitali zetu, mjadala juu ya afya umekuwa ni wa dawa, mishahara na ada. Tumebishana juu ya migomo ya madaktari, na tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, tunabishana juu ya nani amesajiliwa na nani hakusajiliwa. Hayo yote ni mambo mazito. Hata hivyo lipo jingine ambalo halisemwi katika mabunge yetu ya kaunti, nalo ni mazungumzo yenyewe kati ya mgonjwa na anayemtibu. Nathubutu kusema kwamba katika nchi ya makabila, dini na mila nyingi kama hii yetu, maneno ni sehemu ya matibabu sawa na sindano.

Wakoloni walilikwepa swali la mchanganyiko wa watu kwa kuwatenga. Hospitali tunayoiita leo Kenyatta ilianzishwa 1901 kuwa hospitali ya wenyeji, na ile tunayoiita Nairobi Hospital ilifunguliwa 1954 kwa jina la hospitali ya Wazungu. Wahindi nao walijenga zao. Uhuru ulipopatikana milango ikafunguliwa kwa kila mtu, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kumfungulia mgeni mlango ni jambo moja, na kumkaribisha ni jambo jingine.

Huenda msomaji akaniuliza: Je, hatuna Kiswahili? Kweli tunacho, na ndicho daraja letu kubwa. Lakini hata daraja lina mianya. Chukua neno homa. Kwa mtu wa Mombasa au Lamu, homa ni mwili kupanda joto. Kwa wengi wa bara, homa ni mafua tu, pua kuchuruzika na koo kuwasha. Mama wa pwani akimwambia muuguzi mgeni kwamba mtoto ana homa siku ya tatu, anasema jambo la hatari, na huenda mwenzake akasikia jambo dogo. Chukua tena neno uchungu. Bara ni maumivu ya namna yoyote, hata ya jino. Pwani, mja mzito akisema ameshikwa na uchungu, maana yake ni kwamba mtoto yu njiani. Kwa ajili ya neno moja, mtu anaweza kuachwa kwenye benchi wakati angepaswa kuwa kitandani.

Hata pale neno linapofanana, fikira zinaweza kutofautiana. Mgonjwa akiambiwa ana ugonjwa wa sukari, mara nyingi huacha kutia sukari katika chai, kisha akaendelea na sahani yake ya wali au ugali kama zamani, akiamini kwamba ametimiza sharti. Hakukaidi amri ya daktari. Aliifuata kama alivyoisikia.

Mfano mkubwa zaidi tunaupata Kilifi. Hospitali ya kaunti ile huwatibu Wagiriama, Wachonyi, Wakauma na Wamijikenda wengine, Waswahili na Wabajuni, pamoja na Wakamba, Waluo na Wakikuyu waliofuata kazi pwani. Wapo Waislamu, wapo Wakristo, na wapo wanaoshika mila za wazee. Katika pwani hiyo, na katika pwani ya Tanzania vile vile, mtoto akishtuka ghafla, akikaza viungo na kugeuza macho, husemwa kwamba ana degedege. Jina lenyewe latokana na ndege, kwa imani kwamba kuna ndege, au shetani mwenye umbo la ndege, aliyempitia mtoto. Wamijikenda wengi humwita nyuni.

Madaktari nao wanajua kwamba katika sehemu zenye malaria, mara nyingi mishtuko ya namna hiyo ni dalili kwamba malaria ya mtoto imekuwa kali, na kwamba saa chache zaweza kuamua kama atapona au la. Sasa mfikirie mama wa kijijini. Redioni ameambiwa kwamba malaria hutibiwa hospitali, naye amesikia na kukubali. Lakini kwa vile aonavyo yeye, mtoto wake hana malaria. Ana degedege, na degedege ina fundi wake, ambaye ni mganga. Hakupuuza mafunzo ya serikali. Mafunzo ndiyo yaliyopita kando ya mlango wake kwa kutolitaja jina analolijua.

Mama huyo akifika hospitali amechelewa, na muuguzi akamkaripia mbele za watu kwa kuamini mambo ya kishenzi, ataona haya, atanyamaza, na safari nyingine atachelewa zaidi. Lakini akimpata muuguzi wa kumwambia kwamba degedege hii twaijua, na dawa yake tunayo, na usingoje usiku upite, basi habari hiyo itafika kijijini kabla ya mama mwenyewe. Katika neno hilo hapakuwa na uongo wala kuisaliti sayansi. Sayansi imevishwa tu nguo inayotambulikana.

Ni huko huko Kilifi tunakoona jambo la pili, la damu. Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, KEMRI, pamoja na washirika wake kutoka Uingereza, walianzisha kituo cha utafiti katika uwanja wa hospitali hiyo. Utafiti unahitaji damu ya kupimwa, na pwani yetu ina hadithi ya tangu enzi ya ukoloni ya mumiani, watu wanaosemwa kwamba huwanyonya wenzao damu ili kutengeneza dawa. Basi kijibomba kidogo cha damu kilichotolewa wodini kikifika kijijini kwa masimulizi huwa chupa nzima, na mtafiti huwa mnunuzi wa damu.

Ingalikuwa rahisi kuwacheka wanaosema hivyo. Wenye kituo hawakutosheka na kucheka. Katika miaka ya 2000 waliweka utaratibu wa wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, wa kuwaeleza watafiti minong'ono ya mitaani na kuwaeleza wanavijiji kazi ya watafiti. Karatasi za ridhaa nazo zikatafsiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama. Sisemi kwamba uvumi umekwisha, maana uvumi haufi kwa siku moja. Nasema kwamba yalifanyika mambo ambayo hospitali zetu nyingi hazijayafanya: woga wa mgonjwa ulichukuliwa kuwa ni habari ya kushughulikiwa, wala haukuchukuliwa kuwa ni upumbavu wa kutupiliwa mbali.

Katika hospitali nyingine, kazi ya ukalimani ni ya yeyote aliye karibu. Nimeketi kwenye mabenchi mengi ya hospitali za umma nikisindikiza jamaa, nami nimeona mfagiaji akiitwa aache ufagio wake aje atafsiri, na bawabu akiitwa kutoka langoni. Siku moja, katika hospitali ambayo sitaitaja, mzee alitafsiriwa na mke wa mwanawe. Daktari aliuliza habari za mkojo. Binti wa watu akainamisha kichwa, mzee akatazama dirishani, na pakawa kimya. Katika mila zao, mkaza mwana na baba mkwe hawatajiani mambo ya mwili. Mwishowe binti akasema kwamba mzee hana shida, na daktari akaandika hivyo hivyo katika faili.

Mbaya zaidi ni mtoto anapofanywa mkalimani wa mamake. Mtoto wa darasa la sita anaulizwa juu ya hedhi ya mamake, au anapewa habari ya ugonjwa usiopona ili aifikishe kwa mwenyewe. Huo ni mzigo ambao mtu mzima hapaswi kumtwika mtoto, na ni njia mbovu ya kupata ukweli.

Uzazi na kifo navyo vina sehemu yao. Kwa mujibu wa takwimu za serikali, katika uchunguzi wa 2008 na 2009 akina mama waliojifungulia hospitali au zahanati walikuwa asilimia 43. Kufikia uchunguzi wa 2022 walikuwa asilimia 82. Kufutwa kwa ada ya kujifungua 2013 kulisaidia sana. Lakini kaunti kama Turkana, Mandera, Wajir na Samburu bado ziko nyuma sana, na umbali wa barabara hauelezi yote. Yuko mama asiyetaka kuzalishwa na mwanamume. Yuko anayetaka mamake au mkunga wa kwao akae karibu naye, na yuko ambaye jamaa zake wanalitaka kondo la nyuma wakalizike kwa desturi yao. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2018 kwamba mzazi awe na mwenzi amtakaye na achague mkao wake wakati wa kujifungua. Wakunga wetu wa vijijini wangelisikia hilo wangelicheka, kwani ndilo walilolifanya siku zote.

Na kifo kikitokea, Mwislamu anataka maiti wake azikwe upesi, ikiwezekana siku hiyo hiyo, ilhali jirani yake anataka maiti ahifadhiwe hata majuma mawili mpaka jamaa wakusanyike na safari ya kwenda nyumbani ipangwe. Karani wa chumba cha maiti asiyejua tofauti hiyo atawakosea wote wawili katika siku ambayo hawatamsahau.

Simaanishi kwamba hospitali iinamie kila mila. Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya 2011, na hakuna daktari anayepaswa kuutekeleza kwa kisingizio cha utamaduni. Mtoto anayekufa kwa kukosa damu hawezi kungoja kikao cha ukoo. Lakini hata kukataa kunahitaji lugha. Mtu aliyekataliwa akaelezwa sababu hurudi, na aliyekaripiwa haonekani tena.

Sheria zetu hazina upungufu. Katiba ya 2010 inasema, katika kifungu cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kwamba serikali ilinde lugha za wananchi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, na cha 44 haki ya lugha na utamaduni wake. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Hata hivyo ingia wodi yoyote asubuhi, wakati madaktari wanapozunguka. Watasimama kando ya kitanda na kumjadili mgonjwa kwa Kiingereza kutoka kichwa mpaka vidole vya miguu, kisha waende kitanda cha pili. Mwenye mwili wake amebaki kusoma nyuso.

Kuna kejeli hapa. Kule Marekani, kutokana na Sheria ya Haki za Raia ya 1964, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kumsaidia mgonjwa asiyejua Kiingereza apate mkalimani, na kanuni za 2016 zilikataza kutumia watoto kwa kazi hiyo isipokuwa wakati wa dharura. Wakongo waliohamia huko kama wakimbizi hupata wakalimani wa Kiswahili wanaolipwa. Yaani Kiswahili kinamlipa mkalimani mshahara ng'ambo, na hapa kinapokuwa lugha ya taifa hakimpatii mgonjwa hata maelezo ya dakika tano.

Najua nitaambiwa kwamba hospitali zenyewe hazina dawa za kutosha, seuze wakalimani. Najibu kwamba dawa iliyotolewa kwa ugonjwa usioeleweka ni dawa iliyomwagwa. Tena nitaambiwa kwamba nikitaka lugha za wenyeji nafungua mlango wa ukabila, kila kaunti iajiri watu wake tu. La hasha! Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti, na ni vizuri hivyo, kwa sababu wagonjwa nao wamechanganyika. Muuguzi Mluo aliyejifunza Kigiriama hampunguzii mtu haki yake.

Na njia rahisi ipo tayari. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, wanaotoka katika vijiji na mitaa wanayoihudumia. Wanazijua lugha, wanajua nani ni mkwe wa nani, na degedege hawahitaji kutafsiriwa. Kila hospitali ya kaunti na iwawekee meza karibu na mapokezi, kwa zamu, wafundishwe kutunza siri za wagonjwa na walipwe kwa kazi hiyo. Vyuo vya uuguzi navyo viwafundishe wanafunzi maneno ya maradhi kama watu wanavyoyasema, wa pwani na wa bara.

Msomaji, utakapokwenda hospitali, usione haya kusema kwamba hukuelewa, na kuomba uelezwe tena kwa lugha unayoijua. Hiyo ni haki yako kwa mujibu wa sheria. Nanyi waganga na wauguzi, mgonjwa akiwaambia jina la ugonjwa msilolijua, kabla ya kulifuta, muulizeni maana yake.