Picha ya Kifua Husema Nini?



Asubuhi nyingi Mlima Meru hujifunika wingu. Mtu aliye sokoni Arusha huliona wingu hilo, lakini hajui kama ndani yake mna mvua au ukungu mtupu. Apandaye ndiye ajuaye. Ushike mfano huu, maana leo tutazungumza juu ya picha ya kifua.

Kijana mmoja wa kigango chetu, ambaye jina lake silitaji, alirudi nyumbani kutoka machimbo ya tanzanaiti ya Mererani akiwa na homa kali na kichomi. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha, akaonekana ana nimonia upande wa chini wa pafu la kulia. Akapewa dawa. Siku ya nne homa ikamwacha, akanywa uji, akaketi uani. Mama yake akaja ofisini kwangu kuandikisha Misa ya shukrani. Nami nikamwambia, "Mama, kijana amepona, acha hofu." Nilisema nisilolijua.

Kikohozi hakikuondoka. Mwezi ukapita, naye bado akikohoa, usiku akiloa jasho, na suruali zikimlegea kiunoni. Kila aliyemwuliza alijibiwa, "Ni mabaki ya nimonia tu." Na katika chumba alicholala walilala pia wadogo zake watatu.

Mwisho akarudi hospitali, akapigwa picha ya pili. Daktari akaziweka picha zote mbili mbele ya taa. Weupe wa chini ulikuwa umekwisha. Lakini juu, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga, palikuwa na kivuli kingine ambacho hakikupungua hata kidogo. Makohozi yakapimwa, vijidudu vya kifua kikuu vikaonekana. Maradhi mawili yalikuwa yamekaa katika kifua kimoja. Moja liliondoka, lingine likabaki.

Picha hii hufanyaje kazi? Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua miali ya eksirei mwaka 1895. Miali hiyo hupita katika hewa kwa urahisi, na kwa hiyo pafu zima huonekana jeusi. Mfupa huizuia, nao huonekana mweupe. Pafu likijaa usaha au maji, mahali pale huonekana peupe vilevile. Lakini angalia: weupe wa nimonia na weupe wa kifua kikuu waweza kufanana. Kwa mtu mzima kifua kikuu hupenda sehemu za juu za pafu, lakini si kila mara. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi aweza kuwa nacho, na picha yake isionyeshe kitu. Na mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka aweza kupata silikosisi, yaani vijivimbe vidogo vingi mapafuni, ambavyo pichani huweza kukificha kifua kikuu, au kudhaniwa kuwa ndicho. Tena vumbi hilo hudhoofisha mapafu, na kifua kikuu hupata mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo picha huonyesha wingu. Makohozi hutaja jina la kilichomo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta zitumike kusoma picha za kifua za watu wa miaka 15 na zaidi. Ni msaada mkubwa mahali pasipo na madaktari wa kutosha. Lakini hata kompyuta hutenga tu mwenye kivuli cha kutiliwa shaka. Naye hupimwa makohozi kama wengine.

Basi, wazazi, yafaa tufanye haya. Mtu akikohoa wiki mbili, aende akapimwe. Amweleze daktari ukweli wote: kazi aliyofanya, maradhi aliyo nayo, dawa alizokwisha kutumia. Kijana wetu mara ya kwanza hakusema kwamba ametoka machimboni, wala hakuna aliyemwuliza. Picha ya zamani isitupwe wala kufanywa kizibo cha dirisha. Ihifadhiwe, irudi hospitali pamoja na mgonjwa. Na homa ikiondoka lakini kikohozi kikabaki, msiseme amepona. Rudini.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa miezi sita. Anayeziacha katikati kwa kuwa amepata nguvu hujidhuru mwenyewe na nyumba yake. Tusimwonee haya mgonjwa, wala kusema amerogwa. Pale Kibong'oto, wilayani Siha, wagonjwa wa kifua kikuu wametibiwa tangu mwaka 1926, na wengi sana wamerudi makwao wazima.

Kijana wetu sasa yu katika mwezi wa nne wa dawa. Wadogo zake watatu walipimwa wote. Mmoja alikutwa ameambukizwa, naye yumo katika matibabu, anacheza na wenzake. Mama yao amekuja tena ofisini kuandikisha Misa ya shukrani. Safari hii sikumwambia neno la kupona. Tulihesabu miezi pamoja kwenye kalenda ya ukutani, nikaiandika Misa hiyo katika Jumapili ya kwanza baada ya kidonge cha mwisho.

Ndimi wenu katika Kristo,
Karani wa Parokia