Habari kwa pesa, uvumi bure

Tangu Nation ianze kulipisha habari zake mtandaoni mwaka 2021, bloga wa hapa Lucky Summer hulipa mara mbili: bando, kisha ada ya kusoma. Sikatai, waandishi nao lazima wale. Ila akikosa hiyo ada, ataandika kuhusu moshi wa jaa la Dandora kwa kusoma kichwa cha habari tu, na mtaa mzima utaamini. Corona ilipozuka 2020, New York Times ilifungua habari za ugonjwa huo bila malipo. Magazeti yetu yafanye vivyo hivyo: habari za maji, magonjwa na usalama ziachwe wazi. Uchambuzi wa siasa na udaku tutalipia. La sivyo, mtaani tutabaki na uvumi, maana huo haudai hata ndururu.