Gia Isiyokaa: Shauri kwa Wenye Magari Yaliyoinuliwa

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo linalokula fedha za nyumba nyingi, na za shule pia: gari kuukuu lililoinuliwa, ambalo gia zake zakataa kuingia, au zikiingia hazikai.

Sababu ya kuinua magari huku Tabora yajulikana. Njia zetu hupita katika miombo, kisha hushuka mbugani, na mvua zikinyesha udongo mweusi hunasa magurudumu kama ulimbo. Zamani wapagazi walipita nchi hii kwa miguu, wakienda Ujiji au wakirudi pwani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na siku hizi lami imefika pia. Walakini kijiji kilicho mbali na hizo mbili hutegemea gari lenye nguvu. Basi mtu hununua gari la zamani, akaliinua ili tumbo lake lisiguse visiki. Kuinua si kosa. Kosa ni kuinua pasipo kujua ni kitu gani kilichohama mahali pake.

Jambo hili lilitupata sisi wenyewe. Usiku mmoja wa masika tuliitwa kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Tulipofika mbugani tulitia gia ya nguvu. Gari likasogea hatua chache, mara mkono wa gia ukaruka wenyewe ukarudi katikati, nasi tukasimama matopeni. Tukautia tena, ukaruka tena. Mwisho mwenzetu mmoja aliushika kwa mikono miwili, akaukaza kwa nguvu zake zote mpaka tukavuka. Kwa rehema za Mungu mama alifika salama, na mtoto akazaliwa hai.

Asubuhi tuliambiwa ya kuwa giaboksi imekufa, hapana budi kununua nyingine. Tukaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza. Ndipo fundi mmoja mzee alipotuuliza, “Kabla hamjauza ng'ombe, niambieni: kiliinuliwa nini, springi au bodi?” Hatukujua. Akafunua mpira unaoziba tundu la sakafu, akatuonyesha.

Ninyi waalimu, tafadhali lishikeni jambo hili, maana ndilo shina la yote. Kuinua gari kuko namna mbili. Ya kwanza ni kurefusha springi: hapo chesisi, bodi na giaboksi hupanda pamoja, wala mkono wa gia haubadiliki. Ya pili ni kutia vipande vigumu kati ya chesisi na bodi: hapo bodi hupanda peke yake, nayo giaboksi hubaki chini. Mkono wa gia hutoka katika giaboksi na kupita katika tundu la bodi. Bodi ikipanda, tundu hupanda nayo. Mpira hukazwa ukausukuma mkono, au mkono hugonga ukingo wa tundu kabla gia haijaingia yote. Gia iliyoingia nusu huruka mzigo unapokuwa mzito. Fundi yule alipanua tundu, akatia mpira mlegevu zaidi. Ilikuwa kazi ya siku moja, na ng'ombe wakabaki zizini.

Basi gari lako likisumbua, fuata taratibu hii. Simamisha gari mahali palipo sawa, zuia magurudumu kwa mawe, zima injini, kisha kanyaga klachi na ujaribu gia zote moja moja. Gia moja ikigoma, sogeza gari kidogo ujaribu tena, maana pengine meno hayakuelekeana tu.

Zikiingia zote vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini zikagoma injini ikiwaka, aghalabu ubaya uko katika klachi: haiachi sawasawa. Tazama mafuta ya klachi, kama yamepungua, yanavuja, au yameingiwa na hewa. Na kama bodi imeinuliwa, angalia mpira wa mafuta hayo. Pedeli iko bodini na mwisho wa mpira uko kwenye giaboksi, kwa hiyo huenda umevutwa.

Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, funua mpira wa sakafuni. Mwenzako atie gia, nawe utazame kama mkono wagusa mahali. Usiusahau mkono mdogo wa magurudumu manne, maana nao hupatwa na ugonjwa uo huo.

Ikilia gia moja tu, na nyingine zote ni nzuri, huenda pete ya ndani inayolinganisha mwendo imelika, na hapo giaboksi itafunguliwa. Lakini kwanza pima mafuta yake, na uhakikishe ni ya namna iliyotajwa katika kitabu cha gari. Giaboksi ya LT77, iliyotiwa katika Land Rover nyingi za miaka ya 1980, hutaka mafuta mepesi ya giaboksi za otomatiki. Mwenye kuitia mafuta mazito hujitafutia gia ngumu.

Kama springi ndizo zilizorefushwa, nawe wasikia mtikisiko na kugonga, usiilaumu gia upesi. Shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu zimepata mwinamo mkali, na viungo vyake vya msalaba hulika mapema.

Tena yako mambo yasiyo ugonjwa. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1971 hazina pete ile katika gia ya kwanza na ya pili. Zikilia ukiziharakisha, dereva ndiye wa kujifunza. Na ukitoka matopeni ukaingia lami bila kuondoa magurudumu manne, mkono wake waweza kukazana usitoke. Usiupige kwa nyundo. Rudi nyuma hatua chache kwa taratibu, nao utalegea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza: usijenge ukuta kabla hujauona ufa. Katika gari letu sasa mna karatasi iliyoandikwa ni nini kilichoinuliwa, kwa kiasi gani, na siku gani. Fundi yeyote huisoma kwanza, ndipo ashike spana. Andikeni nanyi katika magari yenu kabla ya mvua kuanza, maana atakayeitwa usiku kumchukua mgonjwa hatakuwa na nafasi ya kuuliza.

Kwa herini mpaka mwezi ujao.