Sagalla: uzio wangu, ndovu kwa jirani

Mahindi yakianza kubeba huko Sagalla, nje kidogo ya Voi, watu hawalali. Mwenye tochi humulika, mwenye debe hulipiga. Ndovu husikia, husita, kisha hugeuka. Tatizo ni kwamba hageuki kurudi Tsavo. Hugeukia shamba la pili.

Tumezoea kulieleza jambo hili kama ugomvi wa binadamu na mnyama. Mimi naona nusu yake ni hesabu kati ya jirani na jirani, na hesabu yenyewe wataalamu wanaijua. Mwaka 1950 wanahisabati wa Marekani walitunga fumbo la wafungwa wawili waliowekwa vyumba mbalimbali. Kila mmoja, akipiga hesabu yake peke yake, anaona heri amchongee mwenzake, lolote ambalo mwenzake atafanya. Wote wawili wakifanya hivyo, wote wanafungwa miaka mingi kuliko kama wangenyamaza.

Sasa chukua mashamba mawili yanayopakana. Tukilinda kwa zamu, leo wewe kesho mimi, kila mmoja atapata usingizi nusu ya siku za wiki. Lakini usiku wa zamu yangu, ndovu akitokea, njia rahisi ni kumsukumia kwako. Nani atajua? Nawe ukiwaza hivyo hivyo kunihusu, hulali. Basi tunakesha sote wawili, kila usiku, na ndovu bado anakula.

Wawili wanaojuana huweza kulimaliza hili, maana kesho ni zamu ya mwingine na ubaya hulipwa. Ugumu unakuja mashamba yanapokuwa mengi kwenye mpaka wa mbuga, mengine mwenyewe yuko Mombasa na huja siku ya kuvuna tu. Huyo utamlipa nini, na lini? Uzio wa umeme nao una shida hiyo hiyo: kila mtu anautaka, wachache wanafyeka nyasi chini ya nyaya, na tundu moja lisilozibwa lawatosha ndovu wote.

Ndiyo maana uzio wa mizinga ya nyuki wa Sagalla, kazi ya Dkt. Lucy King na shirika la Save the Elephants pamoja na wakulima wenyewe, unanivutia. Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, baada ya miaka 9 ya kufuatilia, ulionyesha kuwa misimu ya mazao mazuri hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia walizuiwa. Na tofauti na debe, mzinga unamlipa mwenyewe hata msimu ambao ndovu hakuja: kuna asali. Hakuna haja ya kumhubiria mtu aukarabati.

Lakini tazama jambo jingine. Si mizinga yote ni ya kweli. Kati ya mzinga na mzinga hutundikwa kibao kitupu, cha kumtishia ndovu tu. Ni mbinu ya mcheza karata, na inafanya kazi kwa sababu moja: vya kweli vipo vya kutosha, na ndovu hana njia ya kuvitofautisha bila kujaribu.

Ukame ndio unaomfunulia karata. Baada ya ukame wa 2017 mizinga yenye nyuki ilipungua mno, na hali hiyo ilidumu miaka mitatu. Nyuki wanahama kwa kukosa maua na maji, wakati ule ule ndovu wana njaa zaidi na wako tayari kubahatisha.

Hapo nageukia serikali, kwa sababu nayo imetundika vibao vyake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na fidia ya mazao kupitia kamati ya kaunti. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini malipo yamekuwa yakichelewa miaka, na mkulima si mjinga kuliko ndovu: akishagusa waya mara mbili bila nyuki kutoka, anajua. Akipiga hesabu, fidia anaiandika sifuri. Anayeiandika sifuri hana sababu ya kumvumilia mnyama, wala ya kuacha kumsukumia jirani.

Tsavo inachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta. Kwa hiyo hakuna hesabu ya kumhamisha ndovu, na wanaoahidi hivyo kwenye mikutano ya kampeni wanalijua hilo. Kinachowezekana ni kidogo na cha gharama inayojulikana: maji ya nyuki karibu na mizinga wakati wa kiangazi, na madai ya mazao yalipwe kabla ya msimu mwingine wa kupanda, hata kama ni kiasi kidogo. Shilingi elfu kumi iliyofika mwezi Machi inabadilisha uamuzi wa mkulima wa Sagalla kuliko laki moja iliyoko kwenye faili la Nairobi. Kamati ya kaunti inaweza kuanza na jambo rahisi zaidi, ambalo halihitaji bajeti: kubandika ukutani, Voi na Mwatate, orodha ya madai yaliyopokelewa na tarehe ya kila moja, ili mtu ajue yuko wa ngapi.