Programu za safari hazimwoni mama wa mahamri

Juzi nimerudi Eldoret na familia kutoka Mombasa, na nina neno na watengenezaji programu wenzangu.

Kwa Fort Jesus sina lawama, simu ilijua yote: Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mchoraji ni Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiorodhesha mwaka 2011. Shida ni tumbo. Ukitafuta chakula Mji wa Kale, unapangiwa mikahawa yenye nyota nyingi, na nyota hizo hutolewa zaidi na wageni wanaopenda kuandika maoni. Mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi nje ya mlango wake hana ukurasa popote, basi kwa mashine hayupo. Sisi tulielekezwa kwake na mzee aliyeketi barazani. Wanangu, watoto wa ugali na mursik, walimaliza sahani zao na yangu pia!

Jamani, tukipanga matokeo kwa nyota peke yake tunamnyima huyu mama wateja. Kumwongeza kwenye OpenStreetMap ni kazi ya dakika chache. Nilimwomba ruhusa, akacheka, akasema niandike kwamba saa tatu asubuhi huwa zimekwisha.